Siku Niligeuza Kiingereza Mbele ya Sanduku la Maiti

Mimi nilikuwa mutu wa kusema mbele ya wote kama hakuna kitu chini ya jua kinaweza kunishangaza tena. Nimeanza maisha nikibeba magunia ya mihogo mugongoni kutoka barabarani mpaka ndani ya soko la Kadutu, nimelala Kamituga chini ya plastiki pamoja na wachimbaji wenye dhahabu mufukoni na njaa tumboni, nimeibiwa, nimefilisika mara mbili, nikasimama tena, na leo niko na duka la mabati na misumari na nyumba ya ghorofa pale Cimpunda (ghorofa ni moja, lakini ghorofa ni ghorofa, muulize yeyote anayepanda ule mulima wakati wa mvua kama hainui macho), na yote hayo bila diploma, juu masomo niliyaachia mwaka wa nne wa msingi. Sasa mutu kama huyo atashangazwa na nini? Nilishangazwa na mudomo wangu mwenyewe, na haya ya ile siku hainitoki, hata hapa naandika masikio yananiwaka, nimezima redio kwanza utafikiri mule ndani kuna mutu ananisikiliza.

Lazima niwaambie Mista alikuwa nani. Jina lake lilikuwa Moses, mutu wa Uganda, lakini Bukavu nzima (haya, ile Bukavu inayonunua misumari) ilimuita Mista. Kila mwezi alikuwa anakuja na lori la mali kutoka Kampala, anapita Kigali, anavuka muto Ruzizi kwenye mupaka. Alinikuta ningali mubeba magunia, akanipa makartoni ya misumari bila karatasi, bila shahidi, akaniambia tu, "Uza. Nikirudi utanilipa." Nikapeleka Kamituga, nikauza, akarudi, nikalipa, akanipa mara mbili yake, na kutoka pale ndiyo nikawa mutu. Tangu siku hizo alilala kwangu kila safari, chumba cha juu kilikuwa chake, na kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu hakuna mutoto aliyethubutu kukinywea. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha kwetu, tukichekana. Aliniambia ninyi watu wa Bukavu mnasema "iko" kwa kila kitu, mutu iko, ng'ombe iko, Mungu iko, na mimi nikamujibu kama Kiswahili chake ni lori lisilo na breki. Hata akiwa kwao alinipigia simu kila jioni, mara nyingi bila habari yoyote ya biashara, kuuliza tu kama mvua imenyesha.

Safari ya mwisho alishuka kwenye lori tayari mwili unawaka, akasema ni uchovu. Tukamupeleka hospitali. Nilifunga duka, kitu ambacho sikukifanya hata baba yangu alipokufa (musinihukumu, ilikuwa kiangazi, watu walikuwa wanajenga), nikakaa kando ya kitanda, na asubuhi moja nilikuwa namumiminia chai, nikageuka kumupa, hakuwepo tena. Nilibaki nimeshika kikombe mpaka muuguzi akaninyang'anya.

Familia ikaja kuchukua maiti: mujane wake, Mama Grace, watoto wawili walio watu wazima, na mudogo wake Mista, bwana mmoja murefu wa miwani ambaye ndiye aliongea kwa niaba ya wote. Sisi hatukujuana. Miaka yote ile sikufika Kampala hata mara moja, kila wakati nilisema mwezi ujao. Wao walikuwa wanasema Kiingereza, na pasta wetu, ambaye alisomea huko nje, akawa anatafsiri.

Ule mama hakuuliza habari ya mali wala ya lori. Alisema jambo moja tu, naye Pasta akanigeuzia: "Anasema, kule nyumbani watu wanamuuliza bwana yake amefia Congo mikononi mwa nani. Kama alikuwa na mutu wa kumupenda huku, ao alikufa kama muzigo uliosahaulika kwenye stendi. Anataka kesho, mbele ya sanduku, usimame uwaambie watoto. Kisha utapanda gari nao, utaenda kutupa udongo kaburini pamoja na ndugu zake."

Nililia pale pale. Pasta akanishika bega. "Papa Furaha, kesho usihangaike, sema Kiswahili yako, mimi nitatafsiri."

Na mimi nikamujibu, "Pasta, mapendo haitafsiriwi."

Oneni sasa. Ile sentensi ilinipendeza mwenyewe sana, niliirudia njiani nikishuka, na ndiyo iliyonitia shimoni. Badala ya kwenda kulala nikatuma waniitie Mwalimu Innocent, anayefundisha Kiingereza watu wa maofisi, aje dukani kabla sijafunga.

Akaja, akasikiliza, akaniandikia: He was my brother. I loved him very much. Alikuwa ndugu yangu, nilimupenda sana.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza.

"Papa, iko safi. Iko kweli na iko fupi."

"Iko ya maskini, Mwalimu. Kila mutu anaweza kusema hiyo. Mimi ni patron, tajiri mwenye duka, na kule wataketi watu wa Kampala. Nipe Kiingereza yenye uzito."

Akakuna kichwa (leo naona alikuwa anaogopa kunikatalia), akasema, "Basi iko njia moja. Kiingereza, kama unataka kukaza neno, unalitoa nyuma unalileta mbele, halafu unageuza: kitendo kinapita mbele ya mutu." Akanipa mufano. Badala ya kusema sijaona mutu kama yeye kwa njia ya kawaida, unasema: Never have I seen a man like him. Neno la kusema jamais, yaani kamwe, limetangulia, na "have" imeruka mbele ya mimi. Ndugu zangu, nilisikia nywele za mukono zinasimama! Nilielewa mara moja, juu mimi nimekua kati ya malori: ni kama shofa anayeingiza lori kwenye depo kinyumenyume, kazi ile ile, lakini watu wote wanasimama kumutazama.

"Nyingine," nikamwambia.

"Little did I know. Hii inasema sikujua hata kidogo."

Wakati ule ule mama mmoja akaingia kuuliza bei ya mabati, nikageuza kichwa kumujibu, na niliporudisha kichwa, sikioni mwangu kulibaki "kidogo". "Hata" iliondoka na ule mama. Sikuuliza tena. Patron haulizi mara mbili.

Tukafanya mazoezi, did halafu mutu, do halafu mutu, mpaka Mwalimu mwenyewe akacheka akasema ninageuza kuliko wanafunzi wake wa ofisi. Akiaga akaniambia, "Kesho nipite asubuhi niangalie utakayoandika?"

"Mwalimu, umenipa musumeno. Kupasua mbao niachie."

Asubuhi, ninanyoa ndevu, nikaanza kuwaza. Mimi najulikana kama mutu wa kujisifu, sifichi. Lakini mbele ya mujane, eti nisimame kusema nilimupenda SANA, nilimusaidia SANA, si ni kama kudai kitu? Kwetu, mutu akileta ng'ombe muzima anasema "nimeleta ka kitu kadogo", na mama aliyepikia watu hamsini anasema "mukule hiki kidogo". Nikajiambia, leo, siku hii moja, kwa ajili ya Mista, nitajifanya mudogo. (Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote, siku moja maishani nilijaribu unyenyekevu.) Basi nikatoa "very much", nikaweka "little", nikaipeleka mbele, nikageuza kama shofa. Little did I love him. Nikaisema mbele ya kioo. Unyenyekevu iko ndani, uzito iko ndani. Nikaona imekamilika, nikatunga nyingine mbili.

Bibi yangu, Maman Furaha, alikuwa ananipigia pasi shati. "Papa Furaha, hayo unayosema unayajua?"

"Maman, acha. Hii iko ya wakubwa."

Saa nne kanisa lilijaa. Sanduku liko mbele, maua juu, Mama Grace na watoto kiti cha kwanza. Pasta akaniita. Nilikuwa nimevaa kostimu nyeusi mupya, na karatasi ya kuvukia mupaka mufukoni tayari, juu kutoka pale tulikuwa tunapanda magari moja kwa moja. Nikashika mikro, nikaanza na ile ya Mwalimu, Never have I seen a man like him, na Mama Grace akanyanyua uso, akanitazama, akatikisa kichwa polepole kama mutu anayesema ndiyo, endelea. Yule mutoto wa kike akamushika mama yake mukono. Watu wa kwetu, ambao Kiingereza hawasikii lakini sauti wanaisikia, wakaitika, "Ameni!" Nikapata moto.

"Little did I love him!" nikasema.

Kanisa likanyamaza upande wa wageni. Upande wetu, "Ameni!"

"Little did I cry for him!" Nilitaka kusema machozi yangu ni kidogo mbele ya machozi yao. Nikaona Mama Grace ameweka mukono kwenye mudomo na machozi yanashuka, na mimi, punda mimi, nikafikiri nimemugusa moyo. Kule nyuma nikaona Mwalimu Innocent ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikajiambia, tazama, hata Mwalimu musiba umemushinda. Basi nikarudia. Nikarudia kwa nguvu, na nikaongeza mukono, nikabana kidole gumba na kidole cha shahada nikawaonyesha jinsi ilivyo kadogo, "Little! Little did I love him!", na kwa kufunga nikatoa ile ya tatu, ya kukumbuka miaka tuliyokula sahani moja: "Much did I eat with him!"

"Ameni!" wakasema watu wa Cimpunda.

Yule mudogo wake Mista akasimama. Hakupiga kelele. Alinitoa mikro mukononi kama unavyomutoa mutoto kisu, akasema neno moja la Kiingereza kwa Pasta, na Pasta, ambaye jasho lilikuwa linamutoka, akasema tuimbe. Nikarudi kiti changu nikipeana mikono huku na huku, watu wananiambia, "Patron, umeongea!" Mpaka mutu wa kwaya aliniambia hajui nimesema nini lakini amelia.

Mwalimu ndiye alinikuta uani wakati wanatoa sanduku.

"Papa, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Kama nilimupenda. Kwa unyenyekevu, kidogo kidogo."

"Papa, 'little' ukiitanguliza vile inakuwa hata kidogo. Umesema haukumupenda hata kidogo. Umesema haukumulilia hata kidogo. Umeonyesha na vidole."

"Na ile ya tatu?"

Akatazama chini. "Ile ya tatu umesema vizuri. Umekula naye sana."

Kisha nikakimbia. Gari la maiti lilikuwa limetangulia na Pasta ndani yake, la familia ndilo lilikuwa linawashwa. Nikapiga kioo. Yule bwana wa miwani akakishusha kidogo, nyuma yake namuona Mama Grace ameinama na watoto wamemukumbatia, na mimi, kichwa kimevurugika, mwili wote unataka kusema nilikosea, maneno yangu ni ya uongo, mimi sitaki uongo, si nikageuza tena! Ilitoka yenyewe, kama lori lililozoea: "Never do I lie!"

Mimi sisemi uongo kamwe. Ndiyo niliyomwambia. Nilithibitisha.

Akapandisha kioo. Shofa wao, Munyarwanda anayejua Kiswahili, akanitolea kichwa dirishani kwa huruma, akasema, "Muzee, wamesema hakuna mutu wa huku atakayeenda nao. Unisamehe, mimi nimetumwa tu." Wakateremka. Nilisimama na kostimu yangu barabarani, vumbi likanikalia, wapita njia wananisalimia, "Patron, pole na musiba," nami naitika. Ile karatasi ya kuvukia ilikuwa mufukoni bado. Mista alizikwa kesho yake bila mimi, na kwa watoto wake, mutu aliyekuwa naye saa ya mwisho ni tapeli mmoja wa Bukavu aliyekuja mpaka kanisani kuwacheka kwa vidole.

Nilipiga simu. Haikushikwa. Nikapiga kila jioni, saa ile ile Mista alikuwa ananipigia, ikaita ikakatika. Kumuita Pasta anipigie yeye, niliona haya. Bibi yangu akaniambia, "Sasa utaketi hapa unatazama simu mpaka lini? Miguu uko nayo." Basi nikapanda basi, nikavuka Ruzizi, nikalala Kigali, nikafika Kampala siku ya pili, na shofa wa zamani wa lori la Mista akanipeleka kwa pikipiki mpaka nje ya muji, kwenye nyumba kati ya migomba.

Mama Grace alikuwa anachagua maharage barazani. Aliniona, hakusimama, hakunifukuza. Nikaanza kutafuta maneno ya Kiingereza, nimeyapanga njia nzima, ya kawaida, bila kugeuza chochote, naye akainua mukono akanikatisha.

"Kiswahili nasikia," akasema.

Nikakosa pa kutazama.

"Kusema, ndiyo inanisumbua. Lakini kusikia nasikia yote. Miaka yote hiyo, kila jioni, yeye na wewe kwenye simu, mimi niko napika. Mvua imenyesha? Iko nyesha. Misumari imefika? Iko njiani." Akacheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Nilijua wewe ni nani, shemeji. Nilitaka watoto wakusikie."

"Shemeji, nilimupenda sana," nikasema. Ilitoka hivyo tu, Kiswahili cha Cimpunda, maneno yote yako kwenye fasi yake.

"Hiyo ungesema pale."

"Niitie watoto. Nitawaambia."

"Watoto wamerudi kazini, mbali. Nimewaambia kama mutu huyo alikosea lugha. Mukubwa alinijibu, mama, mutu hakosei lugha na vidole."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limekwisha kujengwa, simenti na vigae vyeupe, limefagiliwa, zuri, kazi ya fundi anayejua. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikifikiri nitashika udongo nimutupie, hata kama wote wameshatupa. Nikainama, nikachota ule wa kandoni, nikasimama nao. Kuutupa juu ya vigae ni kuchafua, na Mama Grace alikuwa anafagia pale kila asubuhi. Nikaurudisha chini taratibu, nikapangusa mikono kwenye suruali. Yeye alinigeuzia mugongo ili nilie kwa nafasi. Baadaye akanipa chai, tukanywa, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akaniambia nikirudi Bukavu nisimupigie kila jioni, juu saa ile bado inamuuma, nimupigie Jumapili.

Namupigia Jumapili. Yule mutoto mukubwa hajanipigia, wala yule wa pili. Na mimi nimejiapiza, mutu akinipa nafasi ya kusema neno zuri, nitalisema jinsi lilivyo, kwa lugha niliyolelewa nayo, na neno "sana" nitaliacha mwisho wa sentensi fasi Mungu aliliweka. Ninyi mnaonisoma, kama kuna mutu munamupenda, mumwambie akiwa anasikia, na musitafute mwalimu.

Mwalimu Innocent nilimulipa, hakuwa na kosa. Ukijumlisha malipo yake, kostimu ambayo sijaivaa tena, karatasi ya kuvukia ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, mabasi ya kwenda na kurudi, chumba cha Kigali na ile pikipiki, udongo ambao sikuutupa umenigharimu dola mia tatu sitini na nne.